Wanawake Walipoulizwa Kuhusu Bangi

Wenzangu wa Buffalo, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa kabla ninyi hamjaingia, na mmesisitiza niandike kwa ufupi. Mtu aliyelipwa miaka yote kunyamaza na kusikiliza wengine mnampa kalamu, halafu mnamwambia afupishe! Cheo nilichostaafu nacho mnakijua, kilibandikwa mlangoni na herufi moja ilikosewa, kwa hiyo hicho nakiruka. Nitawaambia habari za ule utafiti wa bangi, kwa sababu ndio ulionifundisha kazi.

Nilianzia Louisville. Nilikuwa nimetoka kambini Kigoma, nilikokulia baada ya wazazi wangu kuikimbia Burundi, na tulipofika Amerika mume wangu na mimi tulifunga maboksi ghalani mpaka magoti yangu yakakataa. Kanisani wakatangaza kwamba kampuni moja ya utafiti wa maoni inatafuta watu wanaojua vizuri Kiswahili na Kirundi, wawapigie watu simu na kuwauliza maswali. Nikasema, kazi ya kukaa kitini na kuuliza watu mambo yao! Hiyo nimeifanya maisha yangu yote bila mshahara.

Siku ya kwanza nilivaa suti. Nikavishwa vipokea sauti vilivyonibana masikio, nikawekwa mbele ya kompyuta, nikampigia mama mmoja Mrundi. Nikamsomea swali kwa sauti kavu. Yule mama akaanza kunitajia watoto wake wote, umri wao na kambi walimozaliwa, na mimi sikuwa nimemuuliza lolote la watoto. Kisha akaomba samahani kwamba mmoja hakuwepo nyumbani.

Msimamizi wetu, Bi. Loretta, alikuwa akisikiliza kwenye laini. Alikuwa mama Mwamerika mweusi, mzaliwa wa hapo hapo Louisville, mwenye miwani ya kamba na sweta ya zambarau majira yote. Kiswahili hakujua hata neno, ila woga aliutambua kwa lugha yoyote.

"Goreth," akaniambia, "unauliza kama polisi. Uliza kama jirani asiye na mpango wa kwenda kusema."

Nilimwelewa mara moja. Kambini waliokuja kutuuliza maswali walikuwa watu wenye kofia na orodha, na jibu baya lilikupunguzia unga. Ile sauti yao ndiyo niliyokuwa nimeiazima. Niliirudisha siku hiyo hiyo, na suti nikairudisha kabatini.

Bi. Loretta alinifundisha mengine ambayo nanyi mmeyasikia kwangu mpaka mmechoka. Usiseme "vizuri" mtu akijibu, maana ataanza kutafuta "vizuri" nyingine. Usiguse neno la swali hata kama unaona ungeliandika bora. Mtu akinyamaza, nawe nyamaza, kimya chake ni cha kufikiria. Na mtu akisema "sijui", una ruhusa ya kumuuliza mara moja tu anaelekea wapi zaidi. Usimsukume.

Mwaka 2014 ukaja utafiti wa bangi. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: je, sheria iruhusu watu wazima kununua na kutumia bangi, au isiruhusu? Haikuchukua muda, mambo yakaanza kujirudia. Wanaume walijibu haraka, na wengi walisema iruhusiwe. Wanawake wengi walisema isiruhusiwe, na waliobaki walisema "sijui" kwa sauti ya mtu anayejua kabisa. Nilidhani ni sisi wakimbizi tu, watu wa kanisa. Bi. Loretta akacheka, akanionyesha meza za wanaohoji kwa Kiingereza. "Huko nako ni hivyo hivyo," akasema. "Wanaume wanatangulia, wanawake wanachelewa. Wakubwa wanataka kujua kwa nini."

Si wote waliofuata mkondo. Kuna babu mmoja alinikemea kana kwamba bangi naiuza mimi. Na kuna bibi mmoja, muumini aliyenikaribisha kwa sala kwenye simu, aliyesema, "Mwanangu, mzee wangu ana kansa ya mifupa. Kama hiyo kitu inamtuliza, wampe hata leo, Mungu ataniuliza mimi." Niliandika neno kwa neno, nikaenda chooni kufuta macho, nikarudi kumpigia anayefuata.

Siku moja nilimhoji mke wa mtu, na kila swali nilisikia sauti ya mwanamume nyuma yake, kisha yeye anairudia. Nilipomaliza nikajiona nimefanya kazi safi. Bi. Loretta akauliza, "Umemhoji nani?"

"Mke."

"Umemhoji mume, mdomo ndio wa mke." Akayafuta mahojiano yote mbele ya macho yangu. Niliona uchungu, kwa sababu dodoso lilikuwa refu. Leo namshukuru.

Mwaka uliofuata binti yangu alijifungua, akatuita Columbus, na kampuni ikanihamishia huko kuwa mdadisi wa mlango kwa mlango. Ohio nzima ilikuwa ikizungumza bangi, maana ilikuwa inaelekea kuipigia kura mwezi wa kumi na moja. Idara ya afya ilitaka kujua familia zinazoongea Kiswahili zinafikirije, na ikatangaza kwamba matokeo yatasomwa kwenye mkutano wa hadhara. Mkuu wa utafiti alikuwa mama mrefu, mpole, aitwaye Karen. Sharti lake lilikuwa moja: kila nyumba iliyochaguliwa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kila mmoja peke yake, na asisikiwe na mwenziwe.

Sharti hilo ni rahisi kuandika ofisini. Sasa njoo nalo kwenye apatimenti ya vyumba viwili kule Linden, jikoni na sebuleni ni pamoja, na watoto wanajibu kwa Kiingereza kabla hujamaliza swali. Nilipanda mabasi ya Morse Road na tableti begani, viatu vya mvua miguuni, na kila nilipobisha hodi nilikaribishwa vizuri mno. Chai, maandazi, habari za nyumbani. Wanaume walijibu. Wanawake waliniletea sukari.

Nyumba iliyonishinda ilikuwa Northland, ya Wakongo kutoka milima ya Kivu ya Kusini. Baba aliitwa Papa Moize kwa jina la mtoto wake mkubwa, na alikuwa mzee wa kanisa, mtu mkarimu wa sauti kubwa. Yeye alijibu maswali yake yote akiwa amekunja nne. Bangi iruhusiwe, polisi waache kuwasumbua vijana. Nilipoomba sasa nizungumze na mkewe peke yake, akatabasamu.

"Bon, mama," akasema, "shiye mu hii nyumba tuko na jibu moja. Andika tu mara mbili."

"Papa, siruhusiwi kuandika mara mbili."

"Donc unafikiri bibi yangu atasema ingine?"

Nikamtazama Mama Moize. Alikuwa amesimama na kopo la sukari mkononi, mwanamke mwembamba wa makamo, akitazama sakafu. "Ni vile papa anasema," akajibu. Nikaaga. Dodoso la mwanamke wa nyumba ile likabaki tupu.

Madodoso matupu ya aina hiyo yalizidi kuongezeka, na mkutano ulikuwa unakaribia. Matokeo ya familia za Kiswahili yalikuwa yanaelekea kuwa ya wanaume watupu. Nikampigia Bi. Loretta kule Louisville, nikalalamika weee. Akaniacha nimalize, halafu akauliza swali moja: "Hao wanawake, wanacheka wapi?"

Nilijua jibu. Wanacheka chumba cha kufulia. Kila kundi la apatimenti lina chumba chake chenye mashine za nguo, na Jumamosi asubuhi kinajaa wanawake, kelele na mvuke. Wanaume hawaingii, labda shati limepotea. Karen alipolisikia hilo alifurahi kama mtoto. Akasema mahali popote panafaa, mradi ni mwanamke yule yule aliyechaguliwa, na mwingine asimsikie. Akaninunulia hata viti viwili vya kukunja.

Jumamosi ile niliweka viti vyangu kwenye kona ya ndani kabisa, nyuma ya mashine za kukaushia zinazonguruma kama lori mlimani. Ukikaa pale, aliye hatua chache hakusikii. Mama Moize aliingia na beseni la nguo, akaniona, akasita. Kisha akaja mwenyewe kukaa.

Nikamuuliza swali lile lile. Akakaa kimya. Nami nikakaa kimya, nguo zinazunguka.

"Isiruhusiwe," akasema. "Mimi sipendi ile kintu mu nyumba yangu. Andika."

Nikaandika.

"Lakini pia sipendi bafunge mutoto wa mutu juu ya majani. Ile pia iko hapo?"

"Ipo nafasi ya maelezo, mama. Sema unavyotaka."

Basi akasema. Alisema haraka, kama mtu aliyebeba maji muda mrefu na sasa amepata pa kuyatua. Moize, kijana wake mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, mfanyakazi wa ghalani, alikuwa amekamatwa ndani ya gari la rafiki yake, na bangi kidogo mfukoni. Ameitwa mahakamani. Baba yake anamwambia akiri tu, asaini, yaishe, kwani baada ya kura jambo lenyewe litakuwa halali na hakuna atakayelikumbuka.

"Papa yake anafikiri ni Ohio tu," akasema. "Lakini Moize haana raia. Iko na grinikadi. Hapa mu kufua, mama mumoja aliniambia mutoto wa dada yake alikubali kosa ya bangi, bakamushika ku uwanja ya ndege akitoka kusalimia bibi yake. Ile sheria ya karatasi haiko ya Ohio. Iko ya Amerika muzima. Mimi ninaogopa karatasi ya mutoto wangu. Lakini nikisema, Papa anasema ni woga ya banamuke."

Nikaandika neno kwa neno. Uso niliuweka pale Bi. Loretta aliponifundisha kuuweka. Sikusema "vizuri". Sikusema "pole". Alipomaliza akakunja mashuka yake, akaondoka akiwa amenyooka kidogo.

Wiki zile nilihoji wanawake wengi nyuma ya mashine zile, na neno "karatasi", yaani hati za kuishi Amerika, lilirudi kinywa hadi kinywa. Ndipo nilipoelewa kile ambacho wakubwa walikuwa wanakitafuta. Kwa tulivyosikia sisi, wanaume wengi walipoulizwa kuhusu bangi walijibu habari za polisi na uhuru wa mtu mzima. Wanawake wengi walijibu habari za mtoto fulani, mwenye jina. Swali lilikuwa moja, lakini kila upande ulikuwa umeulizwa jambo lake.

Sasa angalieni shida yangu. Nilijua kijana anakaribia kusaini jambo linaloweza kumharibia maisha, na nilikuwa nimeapa kutotoa siri ya mtu yeyote niliyemhoji. Siwezi kumwendea Papa Moize. Siwezi hata kumdokeza mchungaji. Nilimweleza Karen bila kutaja jina, kwamba karibu wanawake wote wanazungumzia karatasi na hakuna anayewajibu. Akafikiri, kisha akasema, "Basi tumwalike wakili wa uhamiaji aje mkutanoni. Hilo halivunji siri ya mtu." Nikamshika mikono yote miwili.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba, Jumapili baada ya ibada. Wanaume mbele, wanawake nyuma na watoto. Karen akasoma matokeo, na mimi nikatafsiri: wanaume wengi wanaunga mkono, wanawake wengi wanapinga, na sababu kubwa ya wanawake ni kuhofia watoto wao na karatasi zao.

Kicheko kikapita safu za mbele. Papa Moize akasimama, akatengeneza koti. "Bon. Tunashukuru. Mama zetu banaogopa kila kintu, hata lifti banaogopa. Lakini jamii yetu iko na wazee, na wazee bamesema: iruhusiwe." Watu wakapiga makofi. Nami nimesimama pale na kipaza sauti, nimebana meno. Naapa, katika miaka yangu yote ya kunyamaza kwa mshahara, sijawahi kunyamaza kwa gharama kama ile.

Ndipo kiti kikasukumwa kule nyuma.

Mama Moize alikuja mbele kwa njia ya katikati, akampita mumewe, akaninyooshea mkono. Nikampa kipaza sauti.

"Munajua mimi Mama Moize," akasema. "Jina yangu ni Nagasaro. Ile lifti siogopi. Nilipanda ndege tatu na batoto bane."

Wanawake wakacheka, na safari hii wanaume hawakucheka.

"Ninauliza huyu avoka. Mutoto wangu haana raia. Bamemukamata na bangi kidogo. Papa yake anasema asaini, juu kura inakuja. Nikamwambia hapana. Nani iko na sawa?"

Ukumbi wote ukageuka kwa wakili, kijana mmoja mwenye tai nyembamba aliyekuwa hajanena neno. Akainuka. Nikatafsiri, na sauti yangu ilisikika mpaka ukutani.

"Mama ana haki ya kuogopa," alisema. "Kura ya Ohio, iamue vyovyote, haibadilishi sheria za uhamiaji za nchi nzima. Asiye raia akikiri kosa la bangi, hata kidogo, anaweza kupata matatizo makubwa. Huyo kijana asisaini kitu chochote kabla hatujaongea. Na vijana wengine kama yeye wasisaini."

Mama mmoja wa nyuma akasimama: naye ana mpwa. Mwingine akasimama. Kisha mwanamume mmoja, polepole, akasema mwanawe ameitwa mahakamani mwezi ujao. Wakili akavua koti, akaomba meza.

Papa Moize alikuwa bado amesimama. Nilimwogopea, nikamwogopea na mkewe pia. Akamgeukia Nagasaro, akasema, bila kipaza sauti lakini wote tulisikia, "Juu ya nini haukuniambia hii yote?"

"Nilikuambia, Papa. Ulikuwa unaongea."

Akakaa. Kisha akainuka tena, akamtafutia mkewe kiti, akakiweka mbele, safu ya wazee. Nagasaro akakaa pale. Wanawake nyuma wakapiga vigelegele mpaka mtu wa maktaba akaja kutuangalia, akaona hakuna ugomvi, akaondoka akitabasamu.

Wakili alimsindikiza Moize mahakamani, na kesi ikafutwa. Idara ya afya iliongeza onyo kwa wasio raia kwenye vipeperushi vyake vya Kiswahili na Kirundi, na kanisa likafungua Jumamosi moja kila mwezi ya kuuliza mambo ya karatasi. Anayepanga foleni ile ni Nagasaro, na hata mumewe anangoja zamu. Bangi yenyewe ilishindwa kwenye kura mwaka ule, kwa sababu zake ambazo wenye elimu bado wanabishania. Baadaye Moize alikula kiapo cha uraia. Mama yake alinipigia simu kutoka huko huko, nikasikia vigelegele kabla ya sauti yake. Habari hii naiandika kwa ruhusa yake. Nilipomwomba aliniuliza kama jina lake nitaliandika kamili.

Buffalo nilikuja mwisho wa safari, kuwafundisha ninyi. Mlinikuta tayari na sheria zangu ambazo mnaziita za bibi: mwanamke ahojiwe peke yake, achague mahali yeye, na tableti isiwashwe mpaka mlango umefungwa. Sasa mnajua zilikotoka. Makao makuu wamezichukua wakaziweka kwenye mafunzo ya wadadisi wote, na wamezipa jina refu la Kiingereza. Sina neno. Zinafanya kazi.

Mahojiano yangu ya mwisho yalikuwa Lackawanna, kwa Warundi, mtu na mkewe Domitila, hapo karibu na kiwanda cha zamani cha chuma. Swali la bangi lilikuwemo tena. Mume alijibu sebuleni kwa ufupi. Domitila akanichukua chumbani, akafunga mlango, akazungumza mpaka chai ikapoa. Sitawaambia alisema nini.

Tulipotoka, mumewe alikuwa amesimama ukumbini, anajifanya anatengeneza pazia.

"Umemwambia nini?" akauliza.

"Nimemwambia ninavyofikiri."

Akakuna kidevu. Akanitazama mimi, akaona sina msaada, akamgeukia mkewe. "Na wewe unafikirije?"

Domitila akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha kingine. "Haya, kaa," akasema. "Ni habari ndefu."

Akakaa. Nikavaa viatu vyangu pale mlangoni taratibu, nikafungua mlango, nikatoka bila kuaga, ili nisimkatize.